Mzee Alipanga kwa Rika, Sisi Tukajumlisha

Mjukuu wangu mmoja, aliyeajiriwa juzi katika ofisi ya watu wanaovaa tai, alinijia Jumapili baada ya ibada akiwa amejaa furaha. Wamempa kazi ya kuchagua waombaji wa ajira. "Babu, ni rahisi tu," akaniambia. "Unachukua alama zote, unajumlisha, wa juu unamchukua." Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai, naye akadhani nimefurahi kwa niaba yake. Basi haya ninamwandikia yeye, pamoja na nyinyi wenzake wote mnaodhani ukishajua kujumlisha umeshajua kuchagua watu. Mkiona nawatania msinune. Mtu aliyestaafu hana starehe nyingi.

Mimi ni Mpare. Niliuona mlima Meru kwa mara ya kwanza nikiwa kijana, wakati wa Mwingereza, nilipopata ukarani katika ofisi ya kilimo upande wa Tengeru. Tulikuwa tunachagua wasaidizi wa bwana shamba, vijana wa kupita nyumba kwa nyumba mlimani kuwafundisha watu kupogoa kahawa, kuua wadudu na kukata matawi yenye ugonjwa kabla hayajaambukiza jirani. Ilikuwa kazi ya heshima. Ulivaa kaki, ulipewa baiskeli, na wazazi wa wasichana walianza kukuitikia salamu kwa sauti. Kijana aliyeikosa alikwenda kuchuma kahawa kwa walowezi, au alipanda lori la manamba, vibarua wa mkataba, akaenda kukata mkonge Tanga, na huko wengine walirudi na wengine hawakurudi. Kwa hiyo tulipotangaza nafasi, ua wa ofisi ulijaa tangu umande haujakauka, na nafasi zenyewe zilikuwa chache za kutia aibu.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa Bwana Elifasi, Mmeru, mwalimu wa kahawa, mtu mfupi mwenye kofia iliyokuwa imekula jua hadi ikasahau rangi yake. Alianza kunitania siku ya kwanza na hakuacha mpaka tulipomzika. "Mpare," alikuwa akisema, "wewe ungekuwa na mbuni mmoja tu ungemshtaki jirani yako kwa sababu ya kivuli." Nami nilimjibu kwamba Wameru hawaendi mahakamani kwa sababu kesi zao zote huishia kwenye mbege, pombe yao ya ndizi. Alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo jibu hilo lilimchoma, na ndiyo sababu nililirudia mara nyingi.

Elifasi alikuwa na mtihani wake. Alimpa kijana mkasi wa kupogolea, akamsimamisha mbele ya mbuni uliojaa machipukizi, kisha akakaa kimya. Kijana aliyeanza kukata hapo hapo alikuwa amekwisha jimaliza. Elifasi alimtaka yule anayeuzunguka mti kwanza, anayegeuza majani kutazama kama kuna unga wa ugonjwa wa kutu upande wa chini, anayepekua vichala vya kahawa mbichi kwa kidole ambako kunguni wa kahawa hujificha, halafu ndipo ainue mkasi. Hakutoa alama za namba. Alikuwa na maneno matatu tu: aende, angoje, arudi nyumbani. Ukimuuliza "angoje" ni alama ngapi, alikutazama kama umemuuliza uzito wa wimbo.

Kulikuwa na mengine. Mtihani wa kuandika na hesabu ulisahihishwa kwa mia. Daktari alimpima kila mmoja akaandika mzima au si mzima. Mchungaji au padre alitoa barua ya tabia. Hapo ndipo mjukuu wangu na tai yake wangeanza kujumlisha, na hapo ndipo karani aliyenitangulia alipojumlisha kweli. Aliipa "mzima" ya daktari alama ishirini, akaziweka juu ya mtihani. Matokeo yake kijana mmoja asiyejua kusoma jina la dawa kwenye kopo alikaribia kuajiriwa kwa nguvu ya mapafu yake. Neno la daktari ni mlango, vijana wangu. Ama umepita ama hukupita. Ukishapita, mlango haukupi zawadi.

Barua za wachungaji nazo zina namna yake ya kusomwa. Hazikuwa za uongo, ila mchungaji alikuwa amewabatiza wote na hakutaka kumharibia mtu. Wote walikuwa wapole, wote watiifu. Nakumbuka moja iliyosema kijana ni msafi, hupenda maziwa, na besi yake ni msaada mkubwa kwa kwaya. Elifasi aliisoma mara mbili, akaikunja. "Hapa hapajasemwa kama ni mkweli," akasema. Tuliuliza, na kweli tulikuta hadithi ya mbuzi wa jirani aliyeibwa. Kipimo kinachowapa watu wote jibu moja hakiwatenganishi, lakini kinaweza kukuonyesha pa kuuliza.

Halafu akaja Bwana Jumla. Hilo si jina alilopewa na mama yake. Alikuwa Mwingereza kijana, masikio mekundu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wetu, na alipenda majedwali kuliko chakula. Msimdharau. Alikuja na sababu nzuri. Watu walikuwa wamelalamika kwamba nafasi zinakwenda kwa wapwa wa Elifasi. Elifasi alikuwa na wapwa wengi, hilo silikatai, ingawa hakuna hata mmoja aliyempenda. Bwana Jumla akaweka sheria: kila anayepima apime peke yake, asijue mwenzake amesema nini, alete hukumu yake kwa karani, na karani aigeuze kuwa namba na kuijumlisha. Karani ni mimi. Nilichaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu sikuwa na mpwa hata mmoja mlima mzima.

Mwaka wake wa kwanza aliongeza jaribio la shambani. Kila kijana apewe muda, akague mibuni mingi kadiri awezavyo, na hesabu ya miti iongezwe kwenye alama zake. Akaja kijana wa Kiarusha kutoka Kisongo, Loishiye, miguu mirefu, mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Alipita kwenye kahawa ile kama anakimbiza ndama. Miti aliyoihesabu ilikuwa mamia, na mtihani wake wote wa kuandika ukamezwa humo usionekane tena. Akawa wa kwanza.

"Umeona nini shambani?" Elifasi akamuuliza.

"Nimeona miti," Loishiye akajibu, bila kuona haya.

Hata Loishiye mwenyewe alicheka. Alirudi mwenyewe kwa ng'ombe wake bila kufukuzwa, na miaka michache baadaye alikuwa tajiri kuliko ofisi yetu yote tukiwekwa pamoja. Bwana Jumla hakucheka, lakini alijifunza upesi, na hiyo ndiyo sifa yake. Akaona kwamba ukijumlisha kitu cha mia na kitu cha mamia, kile kikubwa kinakula kidogo. Mwaka uliofuata kila kipimo kikapunguzwa kiwe cha mia. Kabla hamjajumlisha chochote, nawaomba mtazame umbali kati ya wa kwanza na wa mwisho katika kila kipimo. Chenye umbali mrefu ndicho kitakachochagua, mpende msipende.

Mwaka huo huo wa pili alipata wazo jingine, tena jema. Alisema haiwezekani wazungu na makarani wachague watu wa kuingia majumbani mwa Wameru bila Wameru wenyewe kusema neno. Akamwita mshili, yaani mkuu wa ukoo, mzee Ndekirwa, ambaye vijana wengi wa mwaka ule walikuwa wa upande wake. Akampa kiti na chai.

"Mzee, hawa vijana unawajua," akamwambia. "Tupangie, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho."

Mzee aliwapanga kabla chai haijapoa. Hakukuna kichwa, hakurudi nyuma, hakumsahau hata mmoja. Bwana Jumla alinitazama kwa macho yanayosema, unaona? Huyu anawajua watu wake. Nikazigeuza zile nafasi kuwa alama. Wa kwanza wa mzee akapata mia kamili, wa mwisho akapata karibu na bure. Elifasi hakuwapo, kwa sababu ya ile sheria ya kila mtu kupima peke yake, nami Mpare nilikuwa nafurahia jinsi safu yangu ilivyojaa vizuri.

Sasa niwaambie kuhusu Ndewario. Alikuwa mdogo kuliko wote, mwembamba, baba yake amekufa zamani. Kihamba cha baba, ile ardhi ya nyumbani yenye migomba na kahawa, alikilima yeye na mama yake tangu hajaota ndevu, na mibuni yake ilikuwa ya kupendeza macho. Lakini baba yake mdogo alikuwa amekitolea macho kile kihamba. Alikuwa amesema mbele ya watu kwamba jina la kijana likibandikwa kwenye mlango wa ofisi, vema, atakuwa mtu wa mshahara na akae kwao. Lisipobandikwa, ataandikishwa kwenye mkonge, na kihamba kitatunzwa na yeye baba mdogo. Kila mtu alijua "kitatunzwa" maana yake nini. Mama Ndewario alikuja ofisini mara moja, akasimama nje, hakuomba kitu. Alisalimia akaondoka.

Mtihani wa kuandika Ndewario aliufanya vizuri sana. Jaribio la shambani lilimwangusha. Lilifanyika katika kihamba cha bibi mmoja aliyezungushia masale pande zote, ile mimea ya majani marefu ambayo watu wa mlimani huipanda mpakani, na hakuna mtu mwenye adabu anayeivuka bila kukaribishwa. Tulikuwa tumemwarifu bibi kwamba vijana watakuja, basi wenzake wote waliona ruhusa imekwisha patikana, wakaingia mbio. Ndewario alisimama kwenye masale akabisha hodi. Bibi alikuwa anamenya ndizi na hakuwa na haraka. Alimaliza mkungu, akanawa, akatoka, akamuuliza mama yake hajambo, ukoo gani, ng'ombe wanakula nini msimu huu. Kijana alijibu yote. Alipoingia muda ulikuwa umekwisha karibu wote, akakagua mibuni michache tu, ingawa alikuwa yeye pekee aliyewaona kunguni kwenye ule mti ulioko nyuma ya zizi.

"Yule mmoja aliyebisha hodi aje tena," bibi akaniambia tulipokuwa tunaondoka. "Wale wengine wamenikanyagia magimbi."

Nilitabasamu nikaandika idadi ya miti. Ndiyo kazi niliyopewa.

Nikajumlisha. Nafasi ya mwisho kati ya waliochaguliwa ikaangukia Anaeli, mtoto wa mzee Ndekirwa mwenyewe, kijana mkubwa, mpole, mwenye mtihani wa kawaida. Aliyemfuata, wa kwanza kati ya walioachwa, alikuwa Ndewario. Nikabandika majina mlangoni siku ya soko, watu wakaja kusoma na vikapu vyao kichwani, waliojua kusoma wakawasomea wasiojua. Hakuna aliyelalamika. Bwana Jumla alifurahi sana kwa ukimya ule. Alisema ndiyo faida ya namba.

Siku ile ile, soko lilipoanza kupungua, mzee Ndekirwa akaja ofisini na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Nimekuja kushukuru."

Nikadhani ni kwa sababu ya mtoto wake, nikaanza kujiweka sawa kumweleza kwamba hakukuwa na upendeleo. Hakunipa nafasi.

"Nilikuwa na wasiwasi na mzungu wenu," akasema. "Nilidhani atawachanganya watoto, awaweke wadogo mbele ya wakubwa, nyumba zetu zingekaaje? Lakini mmekwenda vizuri. Huyu mdogo mmemwacha angoje wakubwa wake watangulie."

"Mzee," nikamuuliza, "wale vijana uliwapanga vipi?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jua huchomoza wapi. "Kwa rika. Waliotahiriwa mbele, mbele. Waliowafuata, wakafuata. Ndewario ametoka jandoni juzi tu. Ulitaka akae wapi?"

"Tulitaka kujua nani anafaa kazi!"

"Hamkuniuliza nani anafaa kazi," mzee akasema taratibu. "Mliniambia niwapange. Mtu haambiwi awapange watoto wa watu halafu akaanza kurukaruka."

Nilikaa kwenye kiti cha Bwana Jumla, jambo ambalo sikuwa nimethubutu kulifanya tangu aje. Ile safu yangu nzuri ilikuwa ni umri. Tulikuwa tumewapa watu alama mia kwa kuzaliwa mapema. Nilicheka, sitaficha, na mzee akacheka pia kwa sababu mimi nilicheka. Kisha nikamkumbuka yule mama aliyesimama nje bila kuomba kitu, kicheko kikaisha.

"Mzee," nikasema, "kahawa ikiwa inaiva, nawe una safari ya mwezi mzima, kati ya vijana hawa nani utamwachia kihamba chako?"

Alitoa ugoro, akaurudisha bila kuunusa. Akageuka kuutazama mlango, kule lilikobandikwa jina la mtoto wake likiwa la mwisho.

"Unajua unachoniuliza, karani?"

"Najua, mzee."

"Ndewario," akasema. "Baada yake, wale wawili wa kwa mzee Sifaeli. Anaeli wangu ni mtoto mzuri. Lakini akiuona mti mgonjwa anauonea huruma, anaupa siku, na siku hizo ugonjwa unahamia kwa jirani. Mimi namjua." Akainuka, akachukua fimbo yake akaenda zake.

Nilimwendea Elifasi kwanza. Alipolisikia jambo hilo alishika kiuno, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mpare! Umekaa hapa miaka yote hii, na mtu akikupa watoto wa Kimeru wamepangwa kwa rika hutambui? Hata kuku wangu wangetambua." Nikamwambia kuku wake hawakupewa safu ya kujaza. Tukaenda pamoja kwa Bwana Jumla.

Masikio yake yalipita wekundu yakawa na rangi nyingine. "Lakini namba ni namba," akasema.

"Ndiyo, bwana," Elifasi akajibu kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Hizi ni za umri. Tungemwomba mchungaji kitabu cha ubatizo tusingemsumbua mzee wa watu."

Bwana Jumla alilivuta jedwali langu akalisoma upya kutoka juu hadi chini. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nimheshimu mpaka leo. Hakusema tumweke Ndewario basi. Alisema haitakuwa haki kumuuliza mzee kuhusu mmoja tu, wala kuitupa safu inayotuudhi na kuibakiza inayotupendeza. Akapanda mwenyewe kwa mzee, akamuuliza swali lile la kihamba juu ya kila kijana, mmoja mmoja. Idadi ya miti akaiondoa kwa wote, mahali pake akaweka yale maneno matatu ya Elifasi ya jaribio la mkasi, ambayo mwaka ule hakuwa ameyahesabu. Tukapanga upya. Wengi hawakusogea hata kidogo. Ndewario alipanda mpaka karibu na juu kabisa. Nafasi hazikuongezeka, kwa hiyo aliyeanguka nje alikuwa Anaeli.

Asubuhi iliyofuata Elifasi akaleta habari. Baba mdogo hakungoja. Alikuwa amemchukua Ndewario alfajiri wakaenda mjini, Kaloleni, ambako mwandikishaji wa manamba alikuwa anakusanya watu. Ukishatia dole gumba kwenye karatasi yake umekwisha kuwa mali ya mkonge mpaka mkataba uishe, na hata mzungu wa kilimo hana la kusema mbele ya mzungu wa mkonge.

Bwana Jumla alituingiza kwenye gari lake. Nimepanda magari mengi, sijawahi kupanda jingine lililoendeshwa vile. Elifasi alishika mlango kwa mikono miwili akiomba kwa Kimeru, na kila tulipovuka mto alianza sala mpya. Tulipofika, kulikuwa na kamba imefungwa uwanjani. Upande mmoja walikaa waliokwisha kutia dole, wamepewa blanketi, hawaruhusiwi kutoka. Nilipita nyuso zao zote. Wengine niliwajua, walikuwa waombaji wetu wa mwaka ule, na walinitazama kwa namna ambayo ilinifanya niinamishe kichwa. Ndewario hakuwamo. Nikadhani wamekwisha kumpeleka stesheni.

"Mpare," Elifasi akaniambia, "bado tu hujajifunza? Tazama mkia."

Upande wa pili wa kamba ulikuwa na foleni ndefu, na vijana wa Kimeru walikuwa wamejipanga wenyewe bila kuambiwa na mtu. Wakubwa walitangulia. Mdogo wao, aliyetoka jandoni juzi, alikuwa wa mwisho kabisa, na kifurushi chake mkononi, anangoja zamu yake kwa adabu zote.

Baba mdogo alianza kusema kijana ni wake. Alipomwona Mwingereza anashuka kwenye gari akakumbuka ghafla kwamba siku zote ndoto yake ilikuwa mtoto wa kaka yake awe bwana shamba. Elifasi akamshukuru kwa ndoto hiyo, kwa sauti ya kusikika na watu wote, akataja na kwamba kihamba kitabaki cha kijana, ili mashahidi wawe wengi. Ndewario hakurukaruka. Alimuaga kila mmoja aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, kuanzia mkubwa wao, na Bwana Jumla alikuwa anatazama saa yake huku gari likinguruma.

Hadithi ingekuwa tamu kama ingeishia hapo, na vijana wengi mnapenda ziishie hapo. Lakini mlangoni pa ofisi jina la Anaeli lilikuwa limekwisha kusomwa mbele ya soko zima, na mtu alipaswa kwenda kumwambia. Bwana Jumla akasema aende aliyelibandika.

Nilisukuma baiskeli kupanda mpaka kwao. Anaeli alikuwa uani, na kwenye kiti mbele yake kulikuwa na suti ya kaki, shati na kaptula, mama yake ameinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Baba yake, mzee Ndekirwa, alikaa mlangoni. Nilieleza yote, nikazunguka, nikarudi, nikaeleza tena. Sijawahi kuwa na maneno mengi vile na yasiyo na faida vile. Anaeli aliningoja nimalize. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, ulipoulizwa, ulimtaja Ndewario kabla yangu?"

"Niliulizwa kuhusu kahawa," mzee akasema. "Sikuulizwa kuhusu mwanangu." Nilitamani ardhi inifunike.

Anaeli aliutazama mgomba kama hajawahi kuuona. Baadaye akaichukua ile kaki, akaikunja taratibu ili pasi ya mama yake isiharibike, akaniwekea mikononi.

"Ndewario hana nguo ya kazi," akasema. "Kwao hakuna wa kumnunulia. Mwambie imetoka kwa kaka yake mkubwa."

Nikamtazama mzee, naye alikuwa ameuficha uso wake kwa kiganja. Niliifunga ile kaki nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mgomba, nikateremka nayo, na machozi yalinitoka njia nzima kama mtoto.